Gunia la Upepo

Mzee Tsofa hakuwa na gari. Hakuwa na pikipiki, wala baiskeli, maana ile aliyokuwa nayo ilichukuliwa na maji mwaka wa mafuriko makubwa. Hakuwa na sare, wala kofia yenye nembo, wala filimbi, wala cheo chochote cha serikali. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichosoma alikisoma usiku, katika darasa la watu wazima, naye ana watoto wanne nyumbani. Hakuwa na mkubwa yeyote wa kumpigia simu. Na hakuwa na subira kabisa na mtu asemaye "magari yanakimbia sana" bila kutaja yanakimbia kiasi gani.

Upungufu huo wa mwisho aliupata kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpimaji katika ghala la korosho. Wapimaji wa maghala mengine walikata kilo tatu kwa kila gunia, wakasema ni uzito wa gunia na unyevu, na mkulima akaondoka akinung'unika. Mzee Tsofa hakukisia. Kabla ya kupima mzigo alilitundika gunia tupu kwenye mizani mbele ya mwenyewe, akasoma kwa sauti, kisha akapima mzigo, akatoa uzito ule ule wa gunia na si zaidi. Daftari lake lilikuwa na safu tatu: Jumla, Gunia, Halisi. Mpaka leo wazee wa Msambweni wakitaka kusema jambo ni la haki husema, "Limepimwa na Tsofa."

Kijiji chake, Mikanjuni, yaani penye mikorosho, kimepasuliwa na barabara kuu kama papai, nusu huku na nusu kule, ukitoka Msambweni kuelekea Ukunda. Nyumba yake iko upande wa baharini. Ng'ambo ya lami anakaa Kavindu, mama wa Kikamba aliyehamia huku na mumewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita, akapanda mahindi yakaliwa na nyani, akapanda tena. Kila alasiri Mbodze, mke wa Mzee Tsofa, huvuka barabara kwenda kwa Kavindu. Mmoja anasuka mkeka, mwingine anasuka kiondo. Wanachozungumza hakijulikani, lakini kicheko chao husikika hadi upande wa pili.

Mwaka juzi Mbodze alianguka akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila toka hapo anatembea kwa bakora, na kuvuka kwake huchukua muda wa kumenya chungwa. Mwezi wa Januari alikuwa katikati ya lami lori la mchanga lilipotokea kwenye kona. Alirudi nyuma hatua mbili, akaiachia bakora. Lori likapita juu ya bakora.

"Imekufa badala yangu," Mbodze alisema huku akicheka, kisha akachomoa ufito uani, akavuka kwa huo. Kavindu alikuwa anamngoja.

Mzee Tsofa hakucheka. Aliviokota vipande viwili vya bakora, akaviweka juu ya kabati, na kila alipotafuta miwani yake aliviona.

Mwezi uliofuata ofisi ya barabara ilileta kijana mmoja mhandisi kwenye baraza la chifu. Watu walisimama mmoja mmoja wakalia kwamba wanataka tuta barabarani. Mmoja alisema magari yanapita kama risasi, mwingine akasema kama shetani. Kijana akauliza kwa upole, "Kama risasi ni kilomita ngapi kwa saa?"

Aliyetaja risasi akaketi.

"Hapa mwendo wa halali ni hamsini," akasema. "Nileteeni ushahidi wa maandishi kwamba magari mengi yanapita hamsini, nitaliingiza tuta lenu kwenye orodha."

Mzee Tsofa alimpenda kijana yule papo hapo. Kilichobaki ilikuwa kupata mizani ya kupimia gari likiwa mbioni.

Mizani ililetwa na mjukuu wake, Cynthia, anayetandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Kuna wageni waliokuwa na watoto waliisahau chumbani; ikakaa stoo miezi mingi bila mwenyewe, mwishoni wafanyakazi wakaambiwa wachukue. Ilikuwa bunduki ya plastiki, rangi ya machungwa na nyeusi, yenye kioo kidogo mgongoni. Ukiielekeza kwenye kitu kinachokwenda na kubonyeza, kioo kinatoa mwendo wake.

"Shikamoo, babu. Nimekuletea ya kupimia magari. Nimeshaiweka kwenye kilomita. Lakini ni ya watoto, ya kuchezea."

"Marahaba. Mizani nayo ilikuwa chuma tu, mjukuu wangu, mpaka nilipoishika mimi."

Wiki ya kwanza alipima kila kilichojongea. Kuku aliyefukuzwa jikoni, kumi na moja. Nazi iliyoanguka, thelathini na mbili, akatoa onyo kwa nyumba nzima. Mbodze alipokuwa anatwanga, alipima mchi.

"Baba Kahindi," Mbodze akasema bila kuinua kichwa, "ukinielekezea tena hiyo bunduki, huu mchi utakuja huko wenyewe uuandike vizuri."

Siku ya tano, upepo wa kusi ukivuma, aliielekeza kwenye kamba ya nguo. Pale palikuwa pameanikwa kanga ya Mbodze, ile yenye maneno *Mwendo wangu wanitosha*, nayo inapigapiga. Kioo kikasema tisa.

Mzee Tsofa akakaa chini. Kanga haikuwa imekwenda popote. Tangu asubuhi ilikuwa pale pale, imebanwa kwa vibanio viwili. Na bado mashine inasema tisa! Basi hiyo tisa ni ya nani, kama si ya upepo? Na kama upepo una tisa yake, gari likipita ndani ya upepo mashine inavipima vyote viwili pamoja, kama korosho na gunia lake.

Alifurahi kama mtu aliyegundua wizi. Akanunua daftari jipya, akalipiga mistari ya safu tatu: Jumla, Gunia, Halisi. Kila asubuhi na kila alasiri, kabla ya kupima gari la kwanza, aliipima kanga kwanza, akaandika gunia la saa ile.

Mwalimu Purity wa chekechea, mwenyeji wa Machakos, aliposikia habari hii alijaribu kupinga. "Shikamoo, mzee. Mimi naona kama upepo hauingii pale. Fizikia ya kidato cha pili..."

"Marahaba, mwalimu. Ulipima gunia tupu?"

"Gunia gani?"

"Basi," akasema Mzee Tsofa.

Ili madereva wasimwone, aliketi kwenye kigoda nyuma ya ua wa Kavindu, mashine ameificha ndani ya kikapu, mdomo wake tu ukichungulia. Mara moja upepo uliufunua mfuniko. Gari la kubeba watalii lilifunga breki likaja kusimama mbele yake. Dereva akashuka mbio, kofia mkononi.

"Afande, habari za kazi. Tuelewane, afande, wageni wanachelewa ndege."

"Mimi si afande."

Dereva akautazama msuli aliojifunga kiunoni, kandambili zake, na mashine ya rangi ya machungwa. "Basi ni wa kitengo gani, mzee wangu?"

"Korosho."

Dereva aliwaza kidogo, akaona kitengo hicho kitakuwa kipya na kikali kuliko vyote, akaondoka polepole kama anayesindikiza maiti. Mzee Tsofa hakuuandika mwendo ule. Aliyeogopa hapimiki.

Siku nyingine, siku ya upepo mwingi, alipita Chande, kijana wa bodaboda, akiwa amelala juu ya tangi la mafuta. Jumla ilikuwa hamsini na nane. Kanga ilikuwa imetoa kumi na sita. Jioni Mzee Tsofa alimwita kwenye stendi ya bodaboda, mbele ya wenzake, ili amwaibishe kwa haki.

"Chande. Arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili?" Chande mwenyewe alishangaa. Saa ya mwendo ya pikipiki yake ilikufa hata kabla hajainunua. "Mzee, mimi nilidhani nakimbia!"

"Ulidhani. Ulikuwa wewe na upepo."

Wenzake wakamcheka. Lakini Chande si mjinga. Kesho yake alikuwa amemtafuta mchoraji, na kwenye bamba la nyuma la pikipiki, kwa rangi nyekundu ya mafuta, pakasomeka: 42 HALISI. IMEPIMWA NA TSOFA. Ndani ya wiki mbili wajawazito wote wa kwenda kliniki Msambweni walikuwa wakimngoja yeye tu, na bibi mmoja alikataa kupanda na mwanawe wa kumzaa akasema atapanda na Arobaini na Mbili.

Siku arobaini zilipotimia, daftari lilikuwa na magari mia mbili na kumi na mawili. Mzee Tsofa alipoipitia safu ya tatu alivunjika moyo. Yaliyopita hamsini yalikuwa kumi na tisa tu.

"Yaandike tu kwamba yanakwenda mbio," Mbodze akamshauri. "Nani atajua?"

"Miaka ishirini na sita sikuongeza kilo kwenye mzigo wa mtu, hata wa ndugu yangu. Niongeze leo kwa sababu ni wa mke wangu?"

Usiku huo Mbodze alimwekea kipande kikubwa zaidi cha samaki. Mzee Tsofa alinakili safu ya tatu kwa mwandiko wake mzuri, akayapigia mstari yale kumi na tisa, akaipeleka barua mwenyewe kwenye ofisi ya barabara, Kwale, akangoja.

Jibu lilikuja kwa sanduku la posta la chekechea, likakaa humo tangu Jumatatu. Mwalimu Purity alilileta Ijumaa, saa saba unusu mchana. Mzee Tsofa alivaa miwani, akasoma kwa sauti, Mbodze ameketi mlangoni anajiandaa kuvuka.

*Tumepokea takwimu zako, ambazo ni safi kuliko zote tulizoletewa. Kwa mujibu wa takwimu hizo, wastani wa mwendo wa magari Mikanjuni ni kilomita arobaini na sita kwa saa, chini ya kiwango cha halali. Tuta halihitajiki. Tunakupongeza wewe na madereva wa eneo lako. Kama kuna masahihisho, yaletwe kwa mkono, yakiwa na saini, pamoja na daftari lenyewe, kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya wiki hii, orodha itakapofungwa.*

"Wanawapongeza madereva!" akasema Mwalimu Purity.

Mzee Tsofa alitazama juu ya kabati. "Ukweli ni ukweli," akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua uzito.

Mbodze akainuka. Alikuwa amejifunga ile ile kanga yake. "Haya. Mimi Kavindu ananingoja. Chukua mashine yako, njoo unipime."

"Wewe? Kwa nini?"

"Gari mia mbili umezipima. Mimi ndiye ninayevuka. Hujanipima hata mara moja, ila mchi."

Akatoka naye. Kwa kuwa kazi ni kazi, Mzee Tsofa alipima kwanza nguo kwenye kamba. Shuka lilitoa kumi. Akaandika: Gunia, kumi. Mbodze akatazama kulia, akatazama kushoto, akaanza. Ufito, mguu, mguu. Ufito, mguu, mguu. Mashine ikasema tatu. Akaandika: Jumla, tatu. Akapeleka kalamu safu ya tatu, na kalamu ikasimama.

"Ngapi?" Mbodze aliuliza kutoka ng'ambo. Kavindu alikuwa amekwisha toka uani kumpokea.

"Jumla ni tatu."

"Na ukitoa gunia?"

Mwalimu Purity, aliyekuwa akichungulia juu ya bega lake, ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini kama ya mtu msibani. "Hasi saba, mama."

"Hasi ndiyo nini?"

"Ni kwamba... unarudi nyuma, mama. Kilomita saba kwa saa."

Wanawake wawili wa ng'ambo walitazamana.

"Kavindu," Mbodze akasema, "nishike vizuri. Kumbe bado niko njiani narudi kwangu."

Kavindu alicheka mpaka akaketi juu ya kigoda cha Mzee Tsofa mwenyewe. "Miaka yote hii," akasema akijifuta machozi, "kumbe hajawahi kufika!"

Mzee Tsofa alisimama kando ya lami na kalamu yake. Alimwona mke wake yuko ng'ambo. Alifika. Alifika kwa ile tatu yake yote, bila kukatwa kitu. Kanga aliyoivaa ilikuwa ikipigapiga, na haikumrudisha nyuma hata hatua. Basi na lori nalo lilikuwa limefika kwa mwendo wake wote, na bakora ilivunjwa na mwendo huo wote. Upepo haukuwa gunia. Upepo ulikuwa unapeperusha nguo za watu tu, na yeye kwa siku arobaini alikuwa amewapunguzia madereva mzigo wao, magari mia mbili na kumi na mawili, kwa uaminifu mkubwa.

Akafungua safu ya kwanza, akahesabu kwa kidole. Yaliyopita hamsini yalikuwa mia moja sabini na matatu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na robo. Mpaka ofisini Kwale ni kilomita hamsini.

Aliketi mezani akaandika. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na ilieleza tabia za upepo wa kusi katika pwani hii tangu enzi za mababu. Mbodze alikuwa amekatiza mkeka wake akarudi, jambo ambalo halijatokea tangu ndoa ya mwana wao Kahindi. Akaketi karibu.

"Soma."

Akasoma.

"Hapo umemshitaki upepo. Naye ataitwa mahakamani?"

Akaichana. Ya pili ilisema mashine ni ya watoto na haikuwa na maelezo ya kutosha.

"Sasa umemshitaki Cynthia," Mbodze akasema.

Ya tatu ilisema kwamba *kumetokea kosa*. Mbodze aliinua nyusi tu. Saa ilikuwa saa tisa na robo. Mzee Tsofa alifuta kalamu kwenye msuli, akatazama juu ya kabati, akaanza ukurasa mpya. Neno la kwanza lilimchukua robo saa nzima. Yaliyobaki yalikuja yenyewe.

*Nilikosea. Ifuteni safu ya tatu, someni safu ya kwanza. Hakuna gunia. Msiponiamini, na mnayo haki, njooni mpime wenyewe kwa mashine yenu. Mkija, msipime nguo zilizoanikwa. Ni mimi, Tsofa, mpimaji.*

Mwalimu Purity alitoa bahasha kubwa ya kaki, lakini gundi yake ilikuwa imekufa kwa unyevu. Wakamwita Chande, naye akaja na pikipiki yake iliyong'arishwa, akaamkia kila mtu. "Shikamooni. Nasikia kuna safari ya Kwale."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu," akasema Mzee Tsofa. Alipenda mtu apimwe mbele yake. "Ile arobaini na mbili yako nimeifuta. Wewe ni hamsini na nane."

Chande alicheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Hamsini na nane? Na wajawazito nimewabeba na hamsini na nane?"

"Naam."

"Mzee, umeniua! Nimeshachora! Rangi ya mafuta ile, haitoki!"

"Utapaka nyingine juu yake."

"Na barua ya kunivunjia jina niibebe mimi mwenyewe mpaka Kwale?" Aliitazama bahasha. "Na ikinidondoka pale Gazi, kwenye mikoko?"

"Hapo itakuwa imedondoka," akasema Mzee Tsofa. "Sina nyingine, na daftari ni hilo moja."

Chande akaitazama pikipiki yake, akamtazama Mbodze na ule ufito wake uliokuwa sasa umelainika kwa kushikwa. Mbodze alikuwa ameleta kipande cha ugali baridi kutoka jikoni. Alikiponda kwa kidole gumba, akampa mumewe.

"Nenda, Chande," akasema. "Ukirudi nitakuchorea mimi. Hamsini, kwa mkono wangu."

"Unajua kuandika, mama?"

"Nitanakili kwa huyu."

Mzee Tsofa aliingiza barua na daftari ndani ya bahasha, akaupaka mdomo wake ugali, akaukunja, akaukalia dakika mbili kwenye kiti ili ushike. Alipoinuka ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

"Niende na ngapi?" Chande aliuliza, bahasha imo ndani ya jaketi.

"Kilomita hamsini, saa moja na dakika tano. Nenda na hamsini."

"Hamsini jumla au hamsini halisi?"

"Ni moja tu sasa."

"Na saa yangu imekufa. Nitajuaje?"

"Ondoka. Nitainua mkono. Ukiona umeshuka, shikilia hapo hapo mpaka Kwale."

Chande akapiga teke pikipiki, akaingia lamini. Mzee Tsofa alisimama mahali pa wazi, bila ua na bila kikapu, mkono wa kushoto juu, mashine ya machungwa katika wa kulia. Arobaini. Hamsini na tano. Chande akageuza shingo, akauona mkono bado uko juu, akalegeza. Hamsini na mbili. Hamsini.

Mkono ukashuka. Pikipiki ikapinda kwenye kona ya mikanju na bahasha ikatoweka nayo. Mzee Tsofa akatoa kalamu sikioni, akatafuta mahali pa kuiandika ile hamsini, akakumbuka kwamba hana daftari.